Si Kila King'aacho ni Kromi

Land Rover za kwanza zilipoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, hazikuwa na cha kujivunia mbele ya macho ya watu. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa adimu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini na magnesi iitwayo Birmabright. Katika miaka iliyofuata magari hayo yaliingia Afrika Mashariki kwa wingi, yakawa ya mabwana shamba, ya polisi, ya mbuga za wanyama na ya misheni. Aliyeyaona atakumbuka kwamba mengi kati yake yalikuwa na bampa la mbele, pamoja na vipande vilivyofunika kingo za bodi, vyenye rangi ya kijivu iliyojaa mabaka, mithili ya bati jipya la nyumba. Haikuwa kasoro ya kiwanda. Mabaka yale ni zinki: chuma kimechovywa ndani ya zinki iliyoyeyuka, kazi ile ile ifanywayo kwa mabati ya kuezekea.

Leo magari hayo yamekuwa ya kale, na wapo watu wanaoyafufua kwa gharama kubwa na mapenzi makubwa zaidi. Hapo ndipo lianzapo kosa linalostahili kujadiliwa mbele ya walimu na wanafunzi wa sayansi, kwa kuwa chanzo chake ni kemia ya kidato cha tatu iliyosahauliwa. Mwenye gari hutengeneza injini, hunyoosha bodi, hupiga rangi, kisha huvitazama vile vipande vya kijivu na kuviona kuwa ni aibu. Huvifungua na kuvipeleka kwa fundi wa kuchovya, navyo hurudi vimevikwa kromi, vikimeremeta kama kioo. Siku hiyo gari hupendeza kwelikweli. Lakini likikaa Tanga, Mombasa au Unguja, penye upepo wa chumvi, vitone vyekundu vya kutu huanza kuchomoza juu ya kioo hicho, hali zinki ya gari la jirani ingali kijivu kile kile.

Land Rover si gari pekee linalofanyiwa hivyo. Mjini Nairobi mashindano ya magari yaliyotunzwa vyema, yajulikanayo kwa jina la Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970. Na tangu mwaka 2003 kumekuwapo pia mbio za magari ya kale zinazofufua kumbukumbu ya Safari Rally iliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404, ambayo ilishinda Safari mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968 (mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania), ina wapenzi wake hadi leo. Volkswagen Beetle hali kadhalika. Kila mmoja wa wapenzi hao hufika mahali ambapo lazima aamue jinsi ya kuumaliza urembo wa nje wa gari lake: bampa, shoo ya mbele, duara za taa, vitasa, nembo na zile tepe nyembamba zipitazo ubavuni. Aghalabu uamuzi huo huwa wa neno moja tu, kromi. Neno hilo halitoshi, na mara nyingine lina madhara.

Ni vema kwanza kulichunguza bampa la kromi lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba wanachokiona ni kromi nene iliyofunika chuma. Ukweli ni kwamba kromi ya urembo ina unene wa robo hadi nusu ya maikromita, nayo maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu, wenye unene wa maikromita 70 hivi, huipita kromi hiyo zaidi ya mara mia moja. Chini ya kromi kuna nikeli ya maikromita 20 hadi 40 kwa kazi nzuri ya nje, na chini ya nikeli mara nyingi kuna shaba. Mwanafunzi aweza kupiga hesabu. Bampa lenye eneo la nusu mita ya mraba, likivikwa kromi ya maikromita 0.3, huwa limebeba sentimita za ujazo 0.15 za kromi. Na kwa kuwa densiti ya kromi ni gramu 7.19 kwa kila sentimita ya ujazo, jumla yake ni gramu moja na chembe. Gramu moja! Nikeli ya maikromita 25 juu ya bampa hilo hilo hupata gramu 111. Kwa hiyo kinachokilinda chuma dhidi ya hewa na maji ni nikeli. Kromi imewekwa juu ili nikeli isififie ikageuka manjano, na kwa sababu ni ngumu, haikwaruziki upesi.

Swali linalofuata ni kwa nini bampa hilo hushika kutu. Mwalimu anapoandika ubaoni orodha ya metali kwa kadiri ya wepesi wake wa kutoa elektroni, huweka zinki juu ya chuma, na nikeli chini ya chuma. Kwa vipimo vya kawaida zinki ina volti -0.76, chuma -0.44, na nikeli karibu -0.25. Metali mbili zikigusana penye maji yenye chumvi, ile iliyo juu katika orodha ndiyo iliwayo. Basi utando wa zinki ukikwaruzwa, zinki iliyo pembeni huendelea kuliwa badala ya chuma, na kidonda cha chuma hukaa salama kwa muda mrefu. Utando wa nikeli ukitoboka hata kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, mambo hugeuka: chuma huwa ndicho kitoacho elektroni, na eneo kubwa la nikeli na kromi linalolizunguka tundu hilo hufanya kazi ya kathodi. Mkondo wote wa eneo hilo kubwa hukusanyika penye tundu dogo, na chuma huchimbwa kwenda chini. Ndiyo maana kutu ya bampa la kromi huonekana kwanza kama kitone, kisha kama kipele, na mwishowe ngozi nzima hubanduka ikiwa bado inang'aa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza habari za kromi yenyewe, maana katika orodha hiyo hiyo ina volti -0.74, karibu sawa na zinki. Mbona basi haikilindi chuma kama zinki ifanyavyo? Jibu ni kwamba kromi ikigusa hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi usiopitisha kitu, nao humfanya askari huyu alale usingizi. Nafasi yake katika orodha ni ya metali tupu; barabarani kromi huenda ikiwa imevaa oksidi, na huko tabia yake ni karibu na ya metali adhimu. Orodha ya ubaoni haina budi kufundishwa pamoja na tahadhari hiyo, ama sivyo mwanafunzi atashindwa kueleza hata kwa nini sufuria ya alumini haiyeyuki mvuani.

Jaribio la kuthibitisha hayo halihitaji maabara kubwa. Misumari mitatu isuguliwe kwa msasa mpaka ing'ae. Mmoja uachwe kama ulivyo, wa pili uzungushiwe waya wa shaba uliomenywa, wa tatu uzungushiwe ukanda mwembamba wa zinki uliokatwa kutoka katika gamba la betri ya tochi iliyokwisha, baada ya mwalimu kuusafisha vizuri. Yote itiwe katika vikombe vya maji ya chumvi. Baada ya siku chache wanafunzi watauona msumari wa shaba ukiwa umeoza kuliko wenziwe, na ule wa zinki ukiwa mweupe bado. Shaba katika jaribio hili husimama mahali pa nikeli, maana zote mbili ziko chini ya chuma katika orodha.

Mtu aliyeliona jaribio hilo hawezi tena kuvipeleka vipande vya zinki vya Land Rover kwenye kromi bila kusita. Ili kuvivika kromi, fundi hulazimika kwanza kuiondoa zinki yote kwa asidi. Utando wenye unene wa maikromita 50 au zaidi, ambao ungekufa polepole kwa niaba ya chuma, huoshwa na kumwagwa; mahali pake huwekwa utando ambao siku utakapotoboka utakiharakisha chuma kufa. Tena zinki ilikuwa na kazi ya pili ambayo haionekani. Bodi ya gari hilo ni alumini, na alumini ikigusana na chuma tupu au na nikeli penye unyevu wa chumvi, huliwa na kugeuka unga mweupe. Zinki, kwa kuwa iko jirani na alumini kitabia, ilikuwa mpatanishi kati ya bodi na chuma. Vipande hivyo vikizeeka, dawa yake ni kurudishwa tena ndani ya zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Havitang'aa. Havikuumbwa ving'ae.

Basi uamuzi wa umaliziaji unaanza kwa kuitambua metali, na hapa urembo wa magari una hila nyingi, kwa kuwa metali nne tofauti huweza kung'aa kwa namna moja. Sumaku husaidia nusu ya kazi. Isiponasa, kipande yumkini ni alumini, au zinki ya kumimina, au aina fulani ya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi. Ikinasa, msomaji asikate shauri kwamba ni chuma cha kawaida kilichochovywa, maana stenlesi iliyotumika sana kwa tepe za magari ni ile yenye kromi asilimia 17 hivi bila nikeli, nayo hunaswa na sumaku vizuri tu. Hapo itafutwe sehemu ya nyuma ya kipande. Kama nyuma nako ni safi na hakuna kutu wala mpaka wa utando, basi ni stenlesi.

Nayo stenlesi, ambayo Harry Brearley aliipata Sheffield mwaka 1913, ndiyo kipenzi cha mtu mwenye subira. Kromi yake imechanganyika ndani ya chuma chote, kwa hiyo utando wa oksidi ukikwaruzwa hujifunga wenyewe. Kipande kilichobonyea hugongwa taratibu kutoka nyuma, husuguliwa kwa msasa laini na kisha kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, nacho hurudi katika hali yake bila tone la umeme. Kumpelekea fundi wa kromi tepe ya stenlesi ni kumlipa mtu auzike uso mzuri chini ya uso mwingine. Kuna jambo moja la kuepukwa: stilwaya ya kusugulia masufuria. Hiyo huacha chembe za chuma cha kawaida zilizojibandika, nazo zikishika kutu, lawama huangukia stenlesi isiyo na hatia.

Tepe za ubavuni za Beetle, kwa upande mwingine, ni za alumini, na utando wake ni oksidi ya alumini iliyokuzwa kwa umeme. Njia hiyo ilianza kutumika viwandani nchini Uingereza mwaka 1923 kwa ajili ya vyombo vya ndege za majini. Kipande huwekwa kwenye anodi badala ya kathodi, na kwa hiyo hakuna kinachoongezwa kutoka nje: uso wa metali yenyewe hugeuka kuwa oksidi ngumu, yenye matundu madogo mno ambayo baadaye huzibwa kwa maji ya moto. Ni umaliziaji mzuri sana kwa pwani, ila una adui mmoja ambaye kila jiko la Afrika Mashariki linamfahamu. Mpishi aliyechemsha maharage kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini ameona jinsi sufuria ivyogeuka nyeusi. Alkali huyeyusha oksidi ya alumini. Basi sabuni kali, magadi, maji ya chokaa na saruji mbichi vyote huacha mabaka katika tepe hizo, na baka likiingia halitoki kwa kusugua. Kipande kilichoharibika hivyo huvuliwa utando wote, hung'arishwa na kukuzwa oksidi upya. Pasipokuwa na fundi wa kazi hiyo, yafaa king'arishwe, kipakwe nta, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miezi michache. Hilo ni suluhisho la unyonge, lakini halimdanganyi mtu.

Zinki ya kumimina ndiyo yenye kuwatoa mafundi machozi. Vitasa, nembo na fremu za taa za magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 vilimiminwa kwa aloi ya zinki yenye alumini asilimia 4 hivi, kisha vikavikwa shaba, nikeli na kromi. Utando ukitoboka, safari hii kinacholiwa ni zinki iliyo chini, nayo hutoa unga mweupe unaoinua kromi kama malengelenge. Kila lengelenge lina shimo chini yake. Fundi mwenye haraka husaga uso wote hadi mashimo yaishe, na pamoja na mashimo husaga maandishi ya nembo, hata herufi zikabaki kama zimelambwa. Fundi mwema huchimba shimo moja moja, hulijaza shaba au risasi ya kulehemu, hulisawazisha, kisha ndipo achovye. Gharama yake ni kubwa. Mwenye gari asiyeiweza ni heri aache malengelenge yake yaonekane, maana nembo iliyozeeka bado inasomeka.

Ipo pia hoja ya historia, ambayo wapenzi wa kromi huipuuza. Kromi kama metali iligunduliwa na Louis Nicolas Vauquelin mwaka 1797, lakini kuchovya kwa kromi kulifika katika magari katikati ya miaka ya 1920. Magari yaliyotangulia yaling'arishwa kwa nikeli au kwa shaba nyeupe na nyekundu, na nikeli ina rangi yenye joto kidogo, inayoelekea manjano, ambapo kromi ina ubaridi wa buluu. Gari la mwaka 1915 lenye taa za kromi ni sawa na picha ya babu aliyevishwa saa ya betri. Upande wa pili wa karne mambo yaligeuka tena. Renault 5 ilitoka mwaka 1972 ikiwa na mabampa ya plastiki, na MGB ya Uingereza, ili iendelee kuuzwa Marekani chini ya sheria mpya za usalama wa mabampa, ilivalishwa mabampa makubwa meusi ya poliurethani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1974 hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1980. Wapo wengi waliong'oa mabampa hayo meusi na kuweka ya kromi ya miaka ya nyuma. Hawakatazwi. Lakini gari lao limeacha kusimulia mwaka wake, kwa kuwa lile bampa jeusi, hata likionekana baya, ni ushahidi wa wakati ambapo sheria ya nchi moja ilibadilisha uso wa gari la nchi nyingine.

Hoja nzito kuliko hizo zote inamhusu mtu ambaye jina lake halionekani kwenye mashindano ya magari: fundi asimamaye kando ya pipa. Pipa la kromi la kawaida huwa na gramu 250 hivi za trioksidi ya kromi katika kila lita ya maji, pamoja na asidi kidogo ya salfa. Kromi iliyomo imo katika hali ya valensi sita. Kila atomu huhitaji elektroni sita ili igeuke metali, na hata hivyo kazi hiyo hutumia asilimia 10 hadi 20 tu ya umeme upitao. Turudie bampa la awali, lenye gramu moja na chembe ya kromi. Kwa kanuni ya Faraday laihitaji kulombi 12,000. Na kama ufanisi ni asilimia 15, zitapita kulombi 80,000. Karibu zote zilizobaki, kama 68,000, hutengeneza hidrojeni, na mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba zatoa lita 8 na nusu za gesi hiyo kwa bampa moja. Gesi hiyo hupanda kwa mapovu madogo madogo, na kila povu likipasuka juu ya maji hurusha ukungu wa asidi ya kromi hewani. Ukungu huo ndio avutao fundi.

Madhara yake yamejulikana kwa muda mrefu: vidonda vya ngozi visivyopona upesi, kutoboka kwa ukuta utenganishao matundu ya pua, na saratani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka kromi ya valensi sita katika kundi la vitu ambavyo kusababisha kwake saratani kwa binadamu kumethibitishwa. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba baada ya Septemba 2017 trioksidi ya kromi isitumike bila idhini maalumu. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuikomesha katika uchovyaji wa urembo kuanzia mwaka 2027, ilhali kazi za mitambo zimepewa muda hadi mwaka 2039. Yafaa kuitazama tofauti ya miaka hiyo miwili. Waliotunga kanuni waliona kwamba vyuma vya mitambo vyaweza kusubiriwa kidogo, lakini urembo haustahili kusubiriwa.

Kuna hatari kwamba kazi isiyotakiwa huko itahamia penye karakana ndogo zisizo na feni ya kuvuta ukungu, na ambako maji ya kusuuzia humwagwa mtaroni. Maji hayo huwa ya manjano. Kuyatibu si siri: hutiwa asidi na kitu cha kuondoa oksijeni, kwa mfano salfati ya feri au bisalfiti ya sodiamu, mpaka rangi igeuke kijani, dalili kwamba valensi sita imekuwa tatu, kisha hutiwa chokaa, na kromi hushuka chini kama tope. Mtu apelekaye bampa lake ana haki ya kuuliza maji hayo yanakwenda wapi, na kama hapati jibu, alichukue bampa lake arudi nalo. Njia ya kromi ya valensi tatu ipo tangu miaka ya 1970. Haina sumu kama ile. Wanaoipinga husema kwamba rangi yake ina giza kidogo, hivyo kipande kipya hakifanani na cha zamani kilicho kando yake. Ni kweli, tofauti huonekana jicho likiambiwa litazame. Lakini kulinganisha tofauti hiyo na pua ya fundi ni kupima kwa mizani isiyo na haki.

Watakuwapo watakaosema kwamba gari ni mali ya mtu, na mwenye mali hapangiwi. Hoja hiyo ina uzito, na makala haya hayadai kwamba kromi ipigwe marufuku katika kila gari. Bampa lililotoka kiwandani na kromi, kama la Beetle za fahari za miaka ya 1960, likioza halina badala iliyo sawa nalo; rangi ya fedha ya kupuliza kutoka kopo huonekana kuwa ni rangi hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Likichovywe, ila kwa masharti. Mteja aulize unene wa nikeli, si mng'ao wa kromi. Aulize kama nikeli ni ya tabaka mbili: tabaka la chini lisilo na salfa, na la juu lenye salfa kidogo itokanayo na dawa za kung'arishia. Tabaka la juu ni jepesi kuliwa kuliko la chini, kwa hiyo tundu likitokea, ulaji husambaa kando kati ya matabaka badala ya kuchimba kuelekea chuma. Ni ubunifu wa kupendeza, kemia ya ubaoni iliyogeuzwa kuwa ulinzi. Fundi asiyejua swali hilo maana yake nini hafai kupewa kazi ya pwani.

Tena kabla ya kuchovya upya, lifunguliwe bampa na kutazamwa mgongoni. Umeme wa pipani hukusanyika penye kingo na vilele, na hupungua penye mashimo na mikunjo. Kwa sababu hiyo utando wa ndani ya mkunjo na wa nyuma ni mwembamba mno, na pengine kromi haikufika kabisa. Tope lenye chumvi hukaa huko huko, mahali ambapo kitambaa cha Jumapili hakifiki. Mabampa mengi yanayodhaniwa kuwa yameoza usoni yalianza kuoza mgongoni miaka kumi nyuma. Lisuguliwe kwa brashi ya waya upande huo peke yake, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke juani, lipakwe rangi yenye unga mwingi wa zinki, na juu yake nta au grisi nyepesi; bolti zake nazo zitiwe grisi kabla ya kurudishwa. Vitone vichache vya usoni hutoka kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji, maana alumini ni laini kuliko kromi na haiikwaruzi. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja, na pipa la kromi laweza kungoja miaka mingine mingi.